Sauti ya Muuza Vyungu wa Fumba

Mtu anayekwenda Fumba hivi leo kutokea mjini huenda kwa gari juu ya lami, na njiani hupishana na malori ya saruji na matofali, kwani upande ule wa Unguja umegeuka kuwa uwanja wa majengo mapya na eneo huru la uchumi. Safari yenyewe haimalizi saa moja. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 njia hiyo ilikuwa ya miguu, tena ya mchanga na mawe, nayo ilimla mtu kutwa nzima kwenda na kurudi. Miongoni mwa walioipita na mizigo kichwani alikuwamo msichana mmoja fukara ambaye wazazi wake walimpa jina la Mtumwa.

Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Siti binti Saad. Habari zake tunadhani tunazijua. Tumezisoma katika wasifu wake alioandika Shaaban Robert, tumezisikia redioni, na kila tunapotaka kujisifia utamaduni wetu mbele ya wageni jina lake haliachi kutajwa. Lakini nimeona kuwa tunapomtaja huanza na utukufu: sahani za santuri, safari ya Bombay, wakubwa waliokaa vitini kumsikiliza. Miaka thelathini ya mwanzo ya maisha yake tunairuka kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe anavyoruka dimbwi. Mimi leo nataka kusimama humo dimbwini, kwa sababu ndimo sauti ilimotoka, na kwa sababu wako vijana wengi wa visiwa vyetu ambao wangali humo.

Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua, ingawa wote wawili walizaliwa hapa hapa Unguja. Jina la Mtumwa halikuwa tusi la majirani. Ni jina alilopewa nyumbani kwao, na lilieleza hali ya nyakati bila ya kuficha kitu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kufuta utumwa. Sheria ya kuuondolea utumwa uhalali wake katika Unguja na Pemba haikutoka mpaka mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mbele ya wakuu akaombe uhuru wake, kana kwamba anaomba kitu cha mtu. Kwa hesabu hiyo Mtumwa binti Saad alikuwa na kiasi cha miaka kumi na saba siku sheria ilipotoka. Kwa desturi za wakati ule alikwishakuwa mtu mzima, na alikwishajua ni nani anayekaa kwenye kiti na ni nani anayekaa chini.

Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alikuja kupewa baadaye, na wasimulizi husema kuwa aliyempa alikuwa kabaila mmoja wa Kiarabu. Basi hata jina la heshima lilitoka mkononi mwa mwenye mashamba! Nalitaja jambo hili bila ya hasira, kwa kuwa wote waliohusika wamekwisha kwenda mbele ya haki. Nalitaja ili tukumbuke kuwa Mapinduzi ya 1964 yalikuwa na kazi ya kufanya hata katika majina ya watu.

Skuli hakuiona. Hata chuo cha Kurani, ambacho katika visiwa hivi mtoto wa mvuvi na mtoto wa tajiri hukaa mkeka mmoja, hakukipitia utotoni. Serikali ya kikoloni haikufungua skuli ya wasichana mpaka mwaka 1927, na ilipoifungua haikuwafikiria watoto wa wafinyanzi. Alichorithi kwa mama yake ni ufinyanzi, na huo ndio uliokuwa skuli yake.

Wasomaji vijana huenda hawajui ufinyanzi wa kwetu ni kazi gani. Udongo hauokotwi tu, huchimbwa, ukabebwa, ukarowekwa, ukachaguliwa kila kijiwe, kwa maana kijiwe kimoja kikibaki ndani hupasua chungu motoni. Kisha hukandwa. Wafinyanzi wetu hawakuwa na gurudumu la kuzungusha; kuta za chungu zilipandishwa kwa mikono, tandu juu ya tandu, mwanamke akikizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka yeye. Hukaushwa kivulini siku kadhaa, si juani, kwani jua lina haraka. Mwisho huchomwa uwanjani kwa makuti na makumbi na kuni. Hapo ndipo mfinyanzi husimama kando akisubiri, naye hana la kufanya. Kinachopasuka ni jasho la siku nyingi lililokwenda bure, na kinachosalimika bado si pesa mpaka kifike mjini na kipate mnunuzi. Kisiponunuliwa hurudi kichwani kwa njia ile ile kilikopitia.

Sasa tumfuate huyu binti mjini. Wanunuzi wa vyungu ni wanawake, na wanawake wa mjini wa enzi ile, khasa wa nyumba za wenye nafasi, hawakuwa wakitoka mchana kwenda sokoni. Walikuwa ndani, nyuma ya kuta za mawe na milango ya nakshi, wengine ghorofa ya pili na ya tatu. Mchuuzi hakuwa na duka wala meza wala ubao wa matangazo. Alikuwa na koo lake. Ilimpasa anadi kwa namna ambayo sauti itapita uchochoroni, ipande ukuta, iingie dirishani, na imfikie mtu aliyekuwa akifanya shughuli nyingine asiyekuwa na nia ya kununua chungu siku ile. Ilimpasa anadi huku shingo imebanwa na uzito, haiwezi kuinama wala kugeuka, na pumzi akiivuta kutoka tumboni kwa sababu kifua kimechoka na mwendo. Tena anadi hivyo tangu asubuhi hadi alasiri bila ya kulipasua koo, kwani kesho yake atalihitaji koo lile lile. Anayetaka kujua Siti alisomea wapi uimbaji, alisomea hapo. Wanaosimulia habari zake wanakubaliana kuwa watu waliijua sauti yake kwa mbali, kabla hawajamwona mwenyewe.

Na ipo faida nyingine iliyojificha katika taabu ile, ambayo mimi nimeifikiri mara nyingi. Bibi aliyekuwa ghorofani hakuuona uso wa mchuuzi. Hakuiona nguo aliyovaa, wala miguu yenye vumbi la Fumba, wala hakuuliza baba yake ni nani. Alisikia sauti tu, akaamua kwa sauti: huyu nimwite au nimwache apite. Pengine ukuta wa mawe, uliojengwa ili kuwatenga watu, ndio uliompa binti huyu baraza ya kwanza iliyomhukumu kwa haki. Nasema pengine. Lakini mambo yaliyomkuta baadaye, alipoanza kusimama mbele ya macho ya watu, yananifanya niamini hivyo.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa kiasi cha miaka thelathini, amekwisha kuonja ndoa na kuzaa binti, alihamia mjini kutafuta maisha. Msomaji ataniuliza: huyu ni kijana gani wa miaka thelathini? Ni swali la haki, nami nina jibu lake. Ujana wa fukara ni mrefu. Mtoto wa aliyenacho husikilizwa akiwa na miaka kumi, akisema neno la maana watu wakaangaliana na kutikisa vichwa. Mtoto wa asiyenacho hubaki mtoto mpaka atokee mtu wa kumuuliza ana nini cha kusema. Sauti ya Siti ilikuwa tayari akiwa msichana mbichi. Aliyekuwa hajatokea ni wa kuiuliza.

Aliyetokea ni Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa hapa mjini mwaka 1905 na ambacho mpaka leo kipo. Huyu ndiye aliyemsikia, akamfundisha kuimba kwa kanuni na akamfundisha lugha ya Kiarabu. Siti alijifunza pia kuisoma Kurani. Jambo hili watu hulitaja kwa haraka kama pambo la dini, lakini lina uzito wake katika habari ya sauti. Sisi tuliokaa chuoni utotoni, mbele ya maalim mwenye bakora ndefu inayofika mpaka safu ya mwisho, tunajua kuwa mwanafunzi hafundishwi herufi tu. Hufundishwa kila herufi inatoka wapi, ni koo, ni ulimi, ni midomo, au ni puani. Hufundishwa madda, hii ivutwe kwa kipimo cha mbili, hii cha nne, hii cha sita, na anayezidisha hupigwa kama anayepunguza. Hufundishwa wapi pa kusimama na wapi pasisimamwe hata kama pumzi inakwisha. Mtu aliyekwishajenga pumzi kwa kunadi vyungu, kisha akapewa mizani hii ya kuitumia, amepewa hazina mbili. Ya kwanza aliichuma mwenyewe. Ya pili hakuna fukara anayeweza kuichuma mwenyewe. Ni lazima apewe na mwenye nayo, na mwenye nayo anaweza kuinyima bila ya kuulizwa na mtu yeyote.

Taarab wakati huo ilikuwa kitu cha wakubwa. Inajulikana kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta jumbani kutoka Misri, na tangu hapo ikaimbwa kwa Kiarabu, kwa masikio ya waliokijua Kiarabu na ya wengine wengi waliojifanya wanakijua. Siti naye aliimba hicho Kiarabu, na akakiimba vizuri, mpaka akaitwa kwenye majumba ya matajiri na jumbani kwenyewe. Lau angeishia hapo angekuwa mwimbaji mzuri aliyesahauliwa. Alichofanya ni kuichukua taarab, na ala zake, na mwendo wake wa utulivu, akaitia Kiswahili cha watu aliokua nao. Wapo watafiti wenye kubishana juu ya nani alitangulia kwa wimbo gani. Lakini hakuna anayebisha kuwa ni yeye aliyeifanya taarab ya Kiswahili iwe kitu ambacho mtu wa Zanzibar angekitaka na kukilipia.

Hapo ndipo macho yalipoanza kumtazama, na macho hayakuwa na adabu ya masikio. Waliomhusudu walimtungia nyimbo za kumdhihaki. Walimkumbusha kuwa katoka shamba, kuwa alikuwa akivaa kaniki, ambayo ilikuwa nguo ya watumwa, kuwa alikuwa akipita na vyungu vyake njiani, na kuwa sura hana. Kila neno katika hayo lilikuwa kweli au nusu ya kweli, na ndiyo sababu yalichoma. Yeye aliyajibu kwa wimbo, akasema kwa maneno yake mwenyewe kuwa uzuri wa sura na nasaba si kitu mbele ya akili. Wimbo huo wa majibu ndio ulioishi, na wa dhihaka tunaujua leo kwa sababu tu ulijibiwa.

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, ng'ambo ya hori, upande wa mahamali, wachuuzi, madobi na wapishi, wale walioujenga mji wa mawe kisha wakarudi kulala katika nyumba za makuti. Humo wenzake walikusanyika usiku kwa usiku: Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk, Maalim Shaaban. Majirani walijaa. Tungo zao zilitokana na mambo ya mtaani: mume anayempiga mkewe, karani anayekula mali ya umma, hakimu asiyeona. Mashuhuri kupita zote ni habari ya Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa mja mzito, alishawishiwa kwenda ngomani shamba, na huko akaingiliwa na kuuawa. Muuaji akavuka bahari akaenda zake. Waliobaki kukamatwa na kubebeshwa mzigo ni wanawake waliofuatana na yule mgeni. Mahakama ya kikoloni ilimaliza kesi kwa namna yake. Siti na wenzake waliifungua tena kwa wimbo, na katika baraza ya Ng'ambo hukumu ilitolewa upya, na mpaka leo haijakatiwa rufaa.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwachukua kwa meli hadi Bombay kurekodi. Ni mwaka mmoja tu tangu ile skuli ya wasichana kufunguliwa. Msichana aliyenyimwa skuli alikuwa wa mwanzo, miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki, kurekodi nyimbo kwa ajili ya biashara. Mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Nayataja pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, na waliogoma ndio waliokuwa wakienda kumsikiliza usiku. Watafiti wanakisia kuwa hadi mwaka 1931 sahani 72,000 za nyimbo zake na za wenzake ziliuzwa. Fikiri maana yake katika nchi ambayo santuri moja ilikuwa ya mtaa mzima. Mkahawa uliokuwa na santuri ulijaa mpaka nje. Watu waliona ajabu kusikia Kiswahili chao, cha vyungu na mitungi na ugomvi wa nyumbani, kikitoka katika kile kisanduku kilichokuwa kikizungumza lugha za wakubwa tu. Baada ya hapo makampuni mengine yalikuja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert aliwahi kukutana naye, na kwa hivyo tunao wasifu wake, na bila ya huo sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika ingekuwa imezikwa naye. Sauti yake haikuzikwa. Kijana mwingine, binti wa muuza nazi, aliyeikimbia ndoa aliyotaka kuozwa kwa nguvu akiwa bado mdogo, alikuwa akizisikiliza nyimbo zake na kuzishika. Huyo ndiye Bi Kidude, ambaye tulimzika mwaka 2013 akiwa ameziimba duniani kote. Na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, gazeti walilolitoa waliliita Sauti ya Siti. Hawakuliita kwa jina la malkia yeyote.

Sasa nawageukia ndugu zangu viongozi, nami nikiwa mmoja wao. Tarehe 23 Septemba, 1964, Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na kila mwaka tunaisherehekea siku hiyo. Ni haki yetu kuisherehekea. Mtoto wa mfinyanzi anasoma. Lakini mtoto huyo huyo akitoka skuli mchana anavua sare, anabeba sinia la bagia au kikapu cha maembe au ndoo ya samaki, kwa kuwa baba hayupo au yupo na hana kazi, au mama ni mgonjwa, au ndugu ni wengi. Anapita mitaani akinadi. Sisi tukiwa ofisini huisikia sauti hiyo, nayo hutukera, tunafunga dirisha. Akija mbele yetu na shauri lake tunamtazama miguu kwanza. Siandiki haya kwa kubahatisha, wala simsemi mtu mwingine. Nitaeleza yaliyonitokea.

Niliwahi kuongoza mkutano wa wananchi katika shehia moja ya pwani, ambayo sina haja ya kuitaja. Ajenda ilikuwa maji. Kilikuwapo kisima kilichochimbwa kwa nguvu za wananchi, na wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakashukuru, wakaomba tangi liongezwe. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama msichana wa kiasi cha miaka kumi na sita. Alikuwa na mtandio uliokwajuka na mikono yake ilikuwa na unga. Mama yake, niliambiwa baadaye, hupika vitumbua vya kuuza, na yeye ndiye mchota maji wa nyumba, alfajiri na usiku. Akaamkia, akasema: "Wazee zangu, maji ya kisima kile yana chumvi. Si siku zote. Bahari ikijaa sana, bamvua, yanabadilika. Na tangu kilipochimbwa kile kirefu cha upande wa pili, yanabadilika zaidi."

Nilimkata. Nilimwambia, kwa upole, maana nilijiona mtu mpole sana: "Kaa kitako mwanangu, wazee wanazungumza habari ya tangi." Watu wakacheka kidogo. Akakaa. Mkutano ukapitisha tangi, na mimi nikaandika katika taarifa yangu kuwa wananchi wameridhika na kisima.

Tangi lilijengwa. Baada ya miezi kadhaa mafundi wa maji walikuja na vyombo vyao, wakapima asubuhi, wakapima jioni, wakarudi wakati wa bamvua wakapima tena. Walisema maji ya bahari yanaingia chini ya mwamba kila yanapovutwa maji matamu kupita kiasi, na kwamba kile kisima kirefu cha jirani ndicho kinachozidisha. Kwa maneno mengine, walisema yale aliyoyasema msichana, isipokuwa wao waliyasema kwa mashine na wakalipwa posho ya safari. Yeye alikuwa amepima kwa ulimi na kwa vitumbua. Unga wa vitumbua haufichi chumvi. Kila siku alijua, na alikuwa amehesabu siku za mwezi akajua zaidi.

Nilikwenda kwao. Nilidhani nimefanya jambo kubwa, kiongozi kwenda kwa mguu wake kwenye kibanda cha makuti kuomba radhi kwa mtoto. Mama yake alinipokea kwa heshima, akanikunjulia mkeka, akanipa kahawa. Nilipomaliza maneno yangu alinyamaza, kisha akasema: "Bwana, mimi sina neno. Lakini huyu alikuwa msemaji. Tangu siku ile nikimtuma mkutanoni anakwenda, anakaa, anarudi. Nikimuuliza walisema nini ananieleza yote, neno kwa neno, na ananieleza wapi walikosea. Huko haneni." Msichana mwenyewe alikuwa uani akitwanga mchele. Nilisikia mchi ukisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Siku ile, njiani kurudi, ndipo nilipoanza kumfikiria Siti kwa namna niliyoeleza hapa, si Siti wa Bombay bali yule wa njia ya Fumba. Nilijiuliza: ingekuwaje kama siku ya kwanza alipofungua kinywa mbele ya Ali Muhsin, Ali Muhsin naye angekuwa na ajenda ya tangi? Angerudi kwenye vyungu, nasi tusingejua kuwa tumekosa kitu. Hilo ndilo linalonisumbua. Chungu kikipasuka motoni mfinyanzi anasikia mlio wake. Sauti ya mtoto ikikatwa mkutanoni hakuna mlio, kuna kicheko kidogo tu, na taarifa ya mkutano inaandikwa vizuri.

Katika mkutano uliofuata nilimwita yeye wa kwanza kabla ya wazee, na wazee wawili walinuna. Alisimama, akautengeneza mtandio, akasema hana la kusema. Mwezi uliofuata nilimwita tena, ikawa vile vile. Wenzangu katika kamati waliniambia nimwache, namtia haya mtoto wa watu mbele ya hadhara. Mara ya tatu sikumwita. Tulikuwa tunazungumzia bomba jipya litakaloletwa badala ya kile kisima, na bwana mmoja wa heshima alikuwa amekwisha kutuhakikishia kuwa kila kitu kimepangwa. Msichana alisimama mwenyewe pale pale karibu na mlango, akauliza litafunguliwa saa ngapi na saa ngapi, na ufunguo wake atashika nani.

Hakuna aliyecheka safari hii. Hakuna aliyekuwa na jibu pia. Swali nimeliandika katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jina la muulizaji, na nakala nimeipeleka panapohusika.